Nusu ya Uso wa Mama

Mama yangu hapigiki picha. Ukimwelekezea kamera tu, anavuta mdomo pembeni, anafumba jicho moja, anatoa ulimi. Kwenye picha za harusi ya kaka yangu yuko hivyo hivyo: bibi harusi kajikaza kutabasamu, na nyuma yake mama kakunja uso kama aliyelamba ndimu. Tulishamzoea. Naanza na hili kwa sababu ndilo nililojitetea nalo siku ile, na mpaka leo sina utetezi mwingine.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea kuunda sura na kuzichezesha kwenye kompyuta. Kazi ya kumaliza muhula ilikuwa moja tu: tengeneza kichwa cha mtu halisi, halafu kifanye kiseme sentensi moja kwa sauti ya mtu mwenyewe. Muhula uliopita nilifeli somo hilo hilo, na nikifeli tena naaga chuo. Kazi ilitakiwa imfikie mwalimu Ijumaa, saa nane mchana, na Ijumaa asubuhi kichwa changu kilikuwa bado hakina mdomo.

Mwalimu wetu tulimpa jina la Kioo, kwa sababu ya wimbo wake mmoja usiokwisha: "Jengeni nusu, kioo kitamaliza." Uso hauundwi wote. Unaunda shavu moja, jicho moja, nusu ya pua na nusu ya mdomo, unabonyeza, na programu inanakili kila kitu upande wa pili. Inaokoa siku nzima za kazi. Alikuwa pia akituambia kwamba tukimaliza tukiondoe kioo, turudi kumtazama mtu wetu vizuri, maana hakuna binadamu ambaye pande zake mbili zinalingana. Hayo hakuna aliyeyasikiliza, na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kutoyasikiliza.

Basi nikamfuata mama sebuleni. Mama ni fundi wa nguo, na sebule yetu ni karakana kuliko sebule: cherehani dirishani, sare za shule zimerundikwa kwenye kochi, vipande vya uzi vinakufuata mpaka chumbani. Nilichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa nikamtia vidoto usoni, kumi na viwili kila upande, kwenye nyusi, mashavuni na kuzunguka midomo. Programu huvifuata vidoto hivyo kwenye video, ndivyo inavyojua uso unakwenda vipi.

"Watoto wa wenzangu wanasomea udaktari," alisema, pini mbili kazibana midomoni. "Wa kwangu kanigeuza ubao."

"Toa pini, mama. Na leo usinifanyie vituko, sina muda."

"Haya, injinia wa vikaragosi."

Niliisimamisha simu juu ya rundo la sare, nikawasha kamera. Alitakiwa kutamka a, e, i, o, u taratibu, kisha sentensi aliyoichagua mwenyewe, ile anayonipigia kelele nayo kila siku nikiwa nimezama kwenye kompyuta: "Mwanangu, chakula kinapoa."

A ilikuwa safi. E ilikuwa safi. Kwenye i mdomo ukavutika upande wa kulia peke yake, upande wa kushoto ukabaki umelala.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo zilikuwa puani. "Mama, acha utani!" nilifoka. "Kaa sawa!"

Alinitazama kama aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Akajishika shavu. Akasema, "Si nimekaa," na akaendelea, o, u, na sentensi yake, mdomo ule ule wa upande. Nilipochukua simu aliniambia mkono umemfa ganzi. Nikamjibu ameshona tangu alfajiri, mkono utaachaje kufa ganzi, apumzike. Sikumgeukia nilipokuwa nasema hivyo. Nilikuwa naangalia saa.

Chumbani kompyuta iliikataa video. Vidoto vya kushoto vilikuwa vimeporomoka, na programu iliniandikia kwa wino mwekundu kwamba alama za pande mbili hazilingani. Nikailaani simu, nikailaani chaki, nikamsema mama peke yangu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikafanya ambacho wanafunzi wote wa Kioo wangefanya. Nikaifuta nusu ya kushoto, nikaichukua ya kulia, nikabonyeza kioo. Mama akarudi mzima kwenye skrini, mdomo umenyooka, mzuri kuliko alivyo. Nilifurahi. Lazima niseme kwamba nilifurahi.

Kilichobaki kilikuwa kumtia sauti, na sauti ikawa haikubali. Neno "kinapoa" lina p, na ukilisema midomo lazima ifungwe. Kichwa changu kilifunga midomo vizuri kabisa, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya upepo unaovuja, kitu kama "kinafoa". Nikaisogeza sauti mbele kidogo. Nikairudisha nyuma. Nikaupunguza mwendo wa mdomo, nikauongeza. Zaidi ya saa nzima ilipita nikihangaika na neno moja, huku saa nane inanisogelea.

Mwishowe nikavaa hedifoni, nikafumba macho ili nisikilize bila kutazama. Sauti ya mama ikanijia masikioni nzito, inaburuta maneno kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Pini alikuwa amezitoa. Nilimwona akizitoa.

Nikafungua macho. Sauti haikuwa imechelewa wala kuwahi. Sauti ilitoka kwenye mdomo uliopinda, na huu ulionyooka mbele yangu nilikuwa nimeutengeneza mimi.

Ndipo nilipovua hedifoni na kugundua kwamba cherehani haisikiki. Sikujua ilinyamaza lini.

"Mama!"

Kutoka chumbani kwangu mpaka sebuleni ni hatua sita. Alikuwa kwenye kiti chake, ameegemea dirisha, mkasi uko sakafuni. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama kipande cha kitambaa alichosahau kukikata. Vidoto vyangu bado vilikuwa usoni, vya kulia mahali pake, vya kushoto vyote vimeshuka. Jicho la kulia lilinitazama na nikaona kwamba anaogopa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama anaogopa. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini.

Jirani yetu fundi bomba ndiye aliyetubeba kwenye pikapu yake, mama katikati, kichwa chake begani kwangu. Nilimshika mkono ule wa kushoto njia nzima nikiuambia unishike, na haukunishika.

Hospitalini walimpitisha moja kwa moja kwenda kupigwa picha ya kichwa. Nesi mmoja alirudi kuniuliza yale madoa meupe usoni ni ugonjwa gani. Nikamjibu ni chaki, akaniangalia vibaya, akaenda zake. Kaka, niliyempigia simu tulipofika, akaja akikimbia kutoka kazini kwake kwenye tanuri la mikate, unga mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia. "Yuko wapi?" Nikamwonyesha mlango.

Daktari alitoka akiwa ameshika picha, mwanamke mfupi anayeongea haraka. Alituambia damu imeganda kwenye mshipa wa kichwa. Ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini inafaa tu kabla ya muda wa saa nne na nusu kupita tangu ilipoanza. Ukipita, dawa yenyewe inaweza kumvujisha damu ubongoni na kumuua.

"Kwa hiyo nataka saa," alisema. "Msiniambie asubuhi. Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?"

"Nilimpigia simu saa mbili," kaka alisema. "Alinitania vizuri tu. Baada ya hapo sijui."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro robo. "Kama ni saa mbili, muda umeshapita. Siwezi kumchoma." Akanigeukia. "Wewe ulikuwa nyumbani?"

"Nilikuwepo. Saa nne alikuwa mzima."

"Una uhakika, au unatamani? Ndugu wote hunitajia saa wanayoitamani. Nikikuamini na umekosea, anafia mikononi mwangu."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua kilichomo ndani yake, na nilijua nani atakisikia. Nikamtazama kaka, unga wake kwenye nyusi, macho yake mekundu, na nikaogopa kama mtoto aliyevunja kitu. Nikawaza kuapa. Nikawaza kusema saa yoyote kwa ukali, pengine daktari atachoka kuniuliza. Nyuma ya mlango mama alikohoa, kikohozi kidogo chenye maji.

Nikatoa simu. "Ipo video," nilisema. "Saa imeandikwa pembeni."

Tulisimama watatu tumeinamia kioo cha simu. Mama akasema a, vidoto vyake vimejipanga. Akasema e. Akafungua mdomo aseme i, na vidoto vya kushoto vikashuka vyote pamoja, mbele ya macho yetu, kama mtu ameachia pazia. Halafu sauti yangu ikajaa korido nzima: "Mama, acha utani! Kaa sawa!"

"Saa nne na dakika saba," daktari alisema. Alikuwa ameshaanza kutembea. "Tunao muda. Nesi!"

Mlango ukafungwa. Tulibaki mimi na kaka, na simu mkononi mwangu, mama bado anaendelea humo ndani, o, u, mwanangu. Niliizima.

"Hiyo ni sauti yako," kaka alisema.

"Ni yangu."

"Ulikuwa unamwona."

"Nilidhani anatania, kaka."

Na yeye anazijua zile picha za harusi yake. Alikwenda kukaa kwenye benchi akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu, na hapo tukakaa. Nesi alituambia dawa imeshaingia na kwamba saa za mwanzo ndizo mbaya, tukimsikia mama analalamikia kichwa tuwaite haraka. Kila mlango ulipolia nilijua ni habari za msiba. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikavihesabu tena. Saa nane ilipita bila mimi kuiona. Nyumbani kompyuta niliiacha wazi, na yule mama mwenye mdomo ulionyooka alikuwa bado anasema chakula kinapoa, anarudia, anarudia, hakuna wa kumzima.

Saa kumi na moja jioni wakaruhusu mtu mmoja aingie. Kaka alisema, "Nenda wewe," bila kunitazama.

Walikuwa wamemfuta chaki, kikabaki kidoto kimoja chini ya kidevu. Vidole vya mkono wa kushoto vilisogea juu ya shuka, kidogo, lakini vilisogea. Mdomo ulikuwa bado umelala upande mmoja. Nilisimama miguuni pa kitanda na sikuweza kusogea karibu, kwa sababu niliuogopa ule mdomo. Ndiyo, niliuogopa uso wa mama yangu mzazi. Nilitamani nibonyeze mahali.

Akanifuata kwa macho mpaka nikafika pembeni yake. Akahangaika na midomo kwa muda mrefu. Nikainama.

"Sasa," alisema, akiburuta kila silabi, "nimekaa sawa?"

Nusu moja ya uso ilitikisika kama inayotaka kucheka, nusu ya pili haikusema kitu. Sikuweza kujua kama ananitania, au kama bado yuko pale pale nilipomwacha, mbele ya kamera yangu, anajitahidi nisimfokee.

"Umekaa sawa, mama," nilimwambia. Nililirudia neno hilo mpaka nesi akaja kunitoa nje.