Jezi mbili, wembe mmoja

—Mungu wangu, Odessa, nilizikalia! Jezi mbili zote nikazikalia kama kuku na mayai, na Lowell kaka yangu amesimama mbele yangu na donati mkononi!

Ngoja, ngoja, nianze vizuri. Unajua leo ni siku ya mchujo, timu yetu ya mpira wa Kimarekani inaacha wachezaji. Simu zetu zote za chumba cha kushonea zilifungiwa kabatini tangu asubuhi, tusije tukavujisha majina; yangu ndiyo kwanza nimerudishiwa. Saa tatu karatasi ikaletwa mezani kwangu: "Namba sita, fumua jina." Yaani la aliyeachwa. Basi! Na mwezi wa nane timu ina watu tisini, namba hazitoshi, kwa hiyo namba sita wako wawili: Tillery wa safu ya ulinzi, na Lowell wetu, mrushaji, yule anayewarushia wenzake mpira. Msimu ukianza anabaki mmoja tu.

Mama Lorraine, msimamizi wetu, ndiye mwenye orodha, na Mama Lorraine alikuwa ameenda kupokea vitambaa. Nikabaki na wembe. Jina letu PRUETT huku, TILLERY kule. Shosti, sikuthubutu kugusa uzi! Maana Lowell ana miaka thelathini na mmoja, hii ni timu yake ya nne, bega limepasuliwa mara mbili, na Jumamosi karusha mipira miwili moja kwa moja mikononi mwa wapinzani. Akiachwa leo, nani atamchukua tena?

Ndipo mlango ukafunguka. Nikazikalia.

"Umekalia nini?"

"Kitambaa."

"Kina namba?"

"Lowell, nenda zako."

"Niambie. Hapana, usiniambie. Sauti yako tu inatosha, iko kama ya Mama akificha keki." Akacheka, lakini midomo ilikuwa mikavu. Akaniwekea donati mezani, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto. Hilo nililiona, nikalipuuza.

Sikuweza kukaa tena. Nikachukua toroli la taulo, nikajifanya nina kazi vyumba vya kubadilishia. Makabati yao yamepangwa kwa namba, kwa hiyo sita na sita wanakaa bega kwa bega. Wanaume wakubwa vile, wote wanaangalia viatu vyao! Mara tukasikia hatua za Stubbs kwenye korido. Stubbs ndiye anayeita wanaoachwa, na anayeitwa hurudisha tableti yenye mbinu za timu. Kila alipopita mtu bila kusimama, yule mtu alipumua.

Akasimama mbele yao.

"Namba sita. Kocha anakuita. Beba tableti yako."

Wakasimama wote wawili, Odessa! Wote wawili, kwa pamoja, na tableti mikononi! Stubbs akaangalia karatasi yake, akageuza, akaangalia tena.

"Tillery," akasema.

Lowell hakukaa. Tillery, masikini, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akampiga kofi la mgongoni: "Kaa chini, babu, bega lisije likadondoka hapa tukaanza kulitafuta." Watu wakacheka kidogo, cheko la woga. Kisha akaenda, na hakugeuka.

Nikarudi kufumua TILLERY, herufi moja moja, huku nafurahi na kuona aibu kwa kufurahi. Nilikuwa nimefika kwenye R, Lowell akaingia, akafunga mlango, tena kwa kushoto.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua nusu."

"Basi na mimi nikupe nusu. Mrushaji wa kwanza kaumia mguu mazoezini. Jumapili naanza mimi."

Nikaruka, nikapiga kelele, nikataka kumkumbatia. Akarudi nyuma. "Angalia," akasema, akauinua mkono wa kulia. Ukafika kifuani. Ukakomea hapo, unatetemeka, na jasho likamtoka usoni.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Daktari hajui. Wewe tu."

Odessa, wale wapinzani wa Jumapili wana kilo mia na thelathini kila mmoja, na wanamkimbilia yeye! Akaniomba nisimwambie daktari; nikamjibu aende mwenyewe leo hii, la sivyo naenda mimi, na sasa sijui kama nimemwokoa au nimemmaliza. Lakini Mama Lorraine anaita. Kesho, nikishajua daktari amesema nini, nitakueleza.