Alama Tatu za Shangazi

Usijifanye hukuona. Ulikuwepo fomu zilipogawiwa pale kiwanda cha nguo, ukainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Mshona vifungo wa laini ya pili, ile safu ya pili ya cherehani, naye alipewa yake. Ofisi ilitaka wafanyakazi wawapime wasimamizi, alama moja hadi tano, bila kuandika majina. Msimamizi wake walimwita Shangazi. Mdomo wake hauna breki, lakini mashine ikipiga shoti yeye ndiye wa kwanza kuizima, na tangu ashike laini ile hakuna aliyeshonwa kidole. Miaka sita aliwaambia kwamba sifa za uongo zinamtia kichefuchefu. Basi mshona vifungo akampa tatu, kwa ajili ya kufoka kwake. Wenzake nao tatu, nne.

Laini ya kwanza ni ya Mjomba, mvi kichwani, asali mdomoni, kila mtu kwake "mwanangu". Huko watu wanashona huku wamefunga vidole matambara yenye damu, na ukiomba kwenda chooni anakuuliza kwenu hukulelewa. Fomu alizikusanya kwa mkono wake mwenyewe. Nani amwandikie mtu wa rika la baba yake kwamba hafai? Tano tupu, juu mpaka chini.

Ofisi ikajumlisha. Mjomba akapewa laini zote mbili, Shangazi akarudishwa kwenye cherehani. Kesho yake mlango wa nyuma ukapigwa kufuli, ati wanangu wasizurure.

Mshona vifungo alimkuta Shangazi bombani, akamwomba radhi.

"Radhi ya nini, mama? Wewe ulisema kweli. Wenye deni langu wako laini ya kwanza, na hawaji."

Mshona vifungo akaenda mwenyewe kuwauliza wa laini ya kwanza. Wakacheka chini chini, wakitazama mlangoni. "Sasa dada, tungefanyaje? Ni mtu mzima yule." Aliyesema hivyo kidole chake kimevimba, kinatoa usaha, anakipuliza. Heshima gani hii inayonuka kidonda?

Akapeleka malalamiko ofisini, wakamjibu kwamba upimaji utarudiwa iwapo laini ya kwanza wenyewe wataomba kwa sahihi, mwisho leo saa kumi. Akaandika ombi, akatia sahihi yake peke yake, ingawa ya mtu wa laini ya pili haihesabiwi, akaliweka juu ya meza ya vifungo.

Lipo pale, na saa tisa imeshapita. Inuka kwenye kiti hicho cha laini ya kwanza, uende ukatie sahihi yako.