Ashi Isiyotiwa Chumvi

Pua ya Bibi Zarina haikuwa pua ya kawaida, na Mwanaisha alikuwa tayari kuapa kwa hilo. Miaka sita alikuwa akimpikia bibi huyo wa Kiajemi katika nyumba yao ya mtaa wa Al Sadd, huko Uarabuni, na kila Ramadhani ilikuwa ile ile: wote wawili wamefunga, sufuria ya ashi, ile supu yao nzito ya tambi na dengu, inachemka, hakuna anayeonja, na bibi ananusa mvuke tu na kusema, "Chumvi, kijiko kimoja kasoro robo." Magharibi ikiingia, chumvi iko sawasawa. Mwanaisha, aliyekulia kwenye masufuria ya shughuli za Pangani, alibaki mdomo wazi kila mwaka.

Ramadhani hii ya 2013 daktari alikuwa amepiga marufuku vitu viwili. Chumvi, maana moyo wa bibi umechoka na miguu imejaa maji. Na kufunga, maana dawa ya adhuhuri haimezwi tumbo tupu. Chumvi bibi aliiacha akinung'unika. Kula mchana ndiko kulikomshinda. Mtu aliyefunga miaka sabini, leo atafune mbele ya waliofunga? Alisukuma kila sahani, akidai chakula ni kama maji ya kuoshea vyombo, na dawa akaimeza hivyo hivyo. Jana alianguka msalani.

"Leo akikataa tena, khalas, kesho namrudisha hospitali akalishwe kwa mpira," alisema binti yake, Warda, macho mekundu.

Mwanaisha alimpenda yule mzee, tusizunguke. Siku aliyopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, bibi ndiye aliyeketi naye sakafuni jikoni mpaka jua likazama.

Basi akajifunga kibwebwe. Tambi za ashi za dukani zina chumvi, kashki, yaani yale maziwa yao makavu, ni chumvi tupu, na vitunguu vyake huogelea kwenye mafuta. Vyote akaviweka kando. Akakanda tambi mwenyewe kwa unga wa ngano isiyokobolewa. Akachemsha dengu na maharage na lundo la spinachi, akaoka vitunguu kwenye oveni, akaandaa mtindi mzito mahali pa kashki. Ladha ingetoka kwenye ndimu kavu na nanaa. Kiasi gani? Hapo ndipo alipokwama.

"Umetia ndimu tatu," bibi alisema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, mlangoni. "Moja hukuitoa mbegu."

Mwanaisha akachota, akaipasua. Mbegu hizo hapo.

"Subhanallah," alinong'ona, nywele zimemsisimka. Na papo hapo akajua la kufanya. Akajaza kijiko, akapiga magoti mbele ya kiti. "Bibi, nimefunga, siwezi kuonja, na bila chumvi sijawahi kuipika. Watu sita watafuturu nayo. Nisaidie."

Bibi akakitazama kijiko.

"Kuonja tu?"

"Kuonja tu, Bibi."

Akaonja, akafumba macho. "Nanaa." Mwanaisha akakimbilia sufuria. "Ndimu kidogo. Sasa nipe yenye tambi, nitajuaje kama zimeiva? Na maharage. Lete bakuli, kijiko hakitoshi." Kwa kila alichoagiza harufu ilibadilika, ikajikusanya, mpaka jiko zima likanukia kana kwamba chumvi haijawahi kuhitajika duniani. Mwanaisha alitamani kulia. Mkono ulikuwa wake, lakini upishi huu ulimpita mbali.

Bakuli likaisha. Akaleta dawa, na bibi akaimeza.

Kisha akafuta midomo kwa ncha ya mtandio. "Mwanaisha. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusisha ncha ya ulimi na kutema. Nalijua hilo tangu sijaolewa."

Mwanaisha aliinamisha kichwa. Naye alilijua, tangu chuo cha Kurani. Uongo, tena mchana wa Ramadhani!

"Nisamehe, Bibi."

Bibi Zarina akamrudishia bakuli.

"Kesho pia usionje," alisema. "Niite mimi."