Plagi Nne Juu ya Gazeti

Silinda moja ya Subaru ya Desderius ilikuwa inakula oili, na mashindano ya magari yalikuwa Jumamosi. Fundi Chrispin alizifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wa silinda, ili rangi zake zimwonyeshe silinda iliyo mbovu. Kabla hajazikagua, akawahi Bomani kununua mpya duka lisije likafungwa.

Aliporudi, alizikuta kwenye sinia, zinang'aa kama vijiko vya harusi.

“Nimezisugua kwa majivu,” akasema Mama Rhoda, mzazi wa Desderius. “Uchafu ule ulinitia aibu.”

“Mama, hakuna iliyokuwa imelowa oili?”

“Ipo! Hii hapa. Nimeisugua mara tatu.”

“Ilikuwa ya ngapi kwenye gazeti?”

“Ya ngapi? Mwanangu, hata sufuria sizihesabu nikiziosha!”

Chrispin akaitazama plagi, akayatazama mashimo manne, akairudia plagi. Ugonjwa alikuwa ameushika mkononi, lakini mgonjwa hakumjua.

Akafunga plagi mpya. “Mimi na Desderius tutaliendesha gari mpaka Itiryo na kurudi, kisha nitazifungua tena nizitazame.”

“Nendeni salama,” akasema Mama Rhoda. “Mtakaporudi, majivu yatakuwa tayari.”