Jiwe Lisilotaka Shikamoo

Jabali la nyuma ya Kigwa lilipewa jina la Mkwe, kwa kuwa, walisema wenyewe, humwendei usoni. Unamzungukia ubavuni, viatu mkononi. Nyuki walikaa katikati yake, ndani ya ufa uliochuruzika nta nyeusi hata abiria wa garimoshi waliuona. Waliompanda kwa mikono na nyayo tupu walikuwa watatu: Mzee Kashindye, Hilari na Tobias. Kamba yao ilikuwa ya magome ya myombo, waliyoisokota kama baba zao wapagazi walivyosokota za kufungia mizigo ya kwenda pwani.

Sasa Tobias alikwenda Tanga kuwa manamba wa mkonge, nafasi yake ikabaki wazi. Lukumani, fundi cherehani wa mtaa wa Isevya mjini, aliposikia hayo sindano ilimchoma kidole asitambue. Miaka yote aliyowashonea kaptula alikuwa akisikiliza habari za Mkwe huku mguu umesimama kwenye pedeli.

"Njoo tukuone," Mzee Kashindye alimwambia. "Ukifaa, kamba italala kwako." Ndiyo ilikuwa desturi yao: kamba ilitunzwa nyumbani kwa mwenzao wa mwisho kujiunga.

Basi asubuhi ile Lukumani aliteremka stesheni ya Kigwa akiwa amevaa kaptula mpya, mishono miwili miwili, moyo unampiga kama ngoma ya harusi. Chini ya jiwe akapewa sharti.

"Hapa hakuna heshima," alisema Hilari, mkulima mwembamba mwenye vidole kama mizizi. "Anayepanda anatukanwa, na yeye anajibu. Akinyamaza, ujue hofu imemkaba koo. Na hofu ikitoka kooni inashuka mikononi, vidole vinaachia vyenyewe."

"Nimeelewa, kaka Hilari," akasema Lukumani, akainamisha kichwa. Alilelewa na bibi aliyemfinya sikio kila aliposema "wewe" kwa mtu mkubwa.

Akapanda. Loo! Jiwe lilikuwa na joto la jua la asubuhi, gumu na lenye chenga kama sukari guru, nyayo zikanata. Pimbi mmoja alimtazama kutoka kwenye pango lake, akaguna, akaingia ndani kama mama mwenye nyumba aliyeona mgeni asiyemtaka. Lukumani kicheko kilimpanda kutoka tumboni.

"We Lukumani!" Hilari akapaza sauti. "Unapanda kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

"Naam, kaka. Ahsante."

Hilari alicheka hata akakalia mwiba.

"Na makalio hayo," akadakia Mzee Kashindye, "umeyashona mwenyewe au yameletwa na treni?"

"Yameletwa, mzee. Shikamoo."

"Haki ya Mungu! Anajibu kama yuko barazani kwa Bwana Shauri!"

Alipofika kileleni aliona reli kama uzi mweusi, na njia ya zamani ya misafara kama uzi mwekundu, na miombo mpaka macho yakachoka. Hakujua la kufanya na furaha ile, akacheza, peke yake, mabega na yote. Wenzake wawili wakamkuta hivyo.

Lakini Mzee Kashindye hakumsifu. Alikaa, akajipangusa upara.

"Miguu unayo. Mikono unayo. Mdomo huna. Siku nikinyamaza mimi, utanifanyaje? Utanipigia hodi?"

Furaha ya Lukumani ikafumuka kama mshono wa uzi mbovu.

Kazi ikaendelea. Hilari alirudi chini kupokea asali. Mzee Kashindye akajifunga kamba kiunoni, akachukua kilindo cha gome cha kutilia asali na kinga cha moshi cha kuwafukiza nyuki, akateremka ufani. Lukumani alizungusha kamba kwenye shina la mkuyu uliojiotea mwambani, akailegeza taratibu. Punde kilindo kilichojaa masega kikashushwa kwa ncha ya kamba iliyobaki, na Hilari akasikika akijilamba vidole kwa sauti.

Ndipo, mzee alipokuwa akirudi juu, nyuki wakayapata macho yake. La kulia, kisha la kushoto. Yakavimba, yakafunga. Kamba ikakazika, ikatulia.

Lukumani akafunga kamba shinani, akalala kifudifudi, akachungulia. Upara uleee, umegandamana na jiwe. Kumvuta peke yake asingeweza. Mzee alikuwa na uzito wa gunia la karanga.

"Mzee?"

Kimya.

"Mzee Kashindye, hujambo?"

"Amenyamaza!" Hilari akapiga kelele kutoka chini. "Mtukane! Mtukane, mjinga we!"

"Mzee, kwa heshima zako zote," akaanza Lukumani, "wewe... wewe Kashindye!"

Jiwe likarudisha: shindye, shindye. Sikio likamwasha pale bibi alipozoea kufinya. Halafu, ajabu, ulimi ukawa mtamu.

"Wewe Kashindye! Nimekupima kiuno, futi ikaisha, nikamalizia kwa kamba ya mbuzi! Mkono wa kulia juu, kuna ufa mpana kama mdomo wako. Ushike!"

Mkono ukapapasa. Ukashika.

"Kaptula hiyo nimeitia viraka mpaka kitambaa chenyewe kimebaki kumbukumbu! Mkeo ananiambia imechanwa na miiba, kumbe ulikuwa unacheza ngoma! Mguu wa kushoto, pana kinundu kama pua yako. Kanyaga, tembo we!"

Mguu ukakanyaga. Upara ukatikisika. Lukumani akadhani analia.

"Viraka vyenyewe..." ikaja sauti nyembamba, "vinafumuka... fundi gani wewe!"

"Vinafumuka kwa mzigo vinaoubeba!"

Chini, Hilari alikuwa amejilaza chali anacheka. Mzee akapanda, tusi moja hatua moja, Lukumani akimvutia kamba kila inapolegea, mpaka upara ukafika ukingoni, naye akamdaka kwapani wakaangukiana.

"Shikamoo, mzee," akasema Lukumani haraka. "Unisamehe."

Uso wa Mzee Kashindye ulivimba kama andazi. Hakusema marahaba. Alipapasa kiunoni, akafungua fundo, akamvisha Lukumani kamba begani.

Waliteremka kwa upande wa nyuma, penye mteremko mpole, mzee ameshikwa mkono, asali ya mikononi mwake inawachuruzika wote viwikoni. Njia nzima ya stesheni alimtukana fundi: mishono yake, sindano zake, cherehani yake. Na Lukumani, kamba ikimwashawasha shingo, hakuacha hata tusi moja lipite bila jibu.