Kuni za Mikumi

Hildegarda hakuwa mtu wa kuhama kichwakichwa. Mumewe Cornel alipopata uhamisho wa kwenda kituo cha reli cha Mikumi, mwaka ule wa foleni za unga, alikaa wiki nzima akipima mji kwa mji. Kilosa walipanga chumba kimoja kwa mwenye nyumba mwenye mdomo, bomba la kugombaniwa, na duka la ushirika ambalo sukari yake ilikuwa na tabia ya kuisha kwa mtu aliyesimama mbele yako. Mikumi kuna nyumba ya matofali ya bure, kisima karibu, na sukari haikosekani kwa kuwa miwa inalimwa kule bondeni. Lakini lililomtoa Kilosa hasa lilikuwa mto Mkondoa. Masika yaliyopita maji yaliingia mpaka uvunguni mwa kitanda alicholala Raheli, binti yake wa pekee, na tangu hapo Hildegarda hakupata usingizi mvua ikinyesha. Alitaka mahali ambapo mtoto atakua salama. Basi wakahama.

Siku za mwanzo alitamba kweli. Mahindi rahisi, maziwa rahisi, mwenye nyumba hakuna. Kilichomtia kichaa ni kuni. Mji umezungukwa na miti pande zote, halafu mzigo mmoja wa kuni bei yake mara nne ya Kilosa! Muuzaji alikuwa jirani yake Fausta, Msagara wa pale pale. Hildegarda alikuwa Mnyamwezi, wazazi wake waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Kwa hiyo hao wawili walikuwa watani, na watani hawana haja ya kuanza na salamu.

"Wewe Mnyamwezi," Fausta alimchokoza, "umekuja kwa treni, au umetembea na pembe ya ndovu begani kama babu yako?"

"Nimekuja kuwafundisha kazi. Mnalala katikati ya pori na bado mnauza kuni kama nyama. Wavivu wakubwa nyie!"

"Basi kakate mwenyewe. Dada yangu Selestina alikwenda huko korongoni, mpaka leo anachagua zilizo kavu."

Hildegarda alicheka akajishika kiuno. Fausta naye alicheka, ila si sana. Asiyekuwa mtani angeuliza: dada yupi, na alikwenda lini? Lakini maneno ya mtani mtu huyapokea kwa kicheko, ndivyo alivyolelewa, na Hildegarda hakuuliza kitu.

Kesho yake, jua limeshapanda, alichukua panga na kamba akashika njia ya korongoni. Alimchukua na Raheli, maana hakuwa na wa kumwachia. Njia ilikuwa imemezwa na nyasi. Moyoni akafurahi: kama watu hawapiti, kuni zitakuwa za kumwaga. Na kweli zilikuwepo, matawi makavu yamelala ovyo, hata panga halikuwa na kazi.

Kisha akaona mzigo. Ulikuwa umeegemezwa kwenye mti, umefungwa vizuri kwa kamba ya magome, vile mwanamke anavyousimamisha akitaka kujitwisha. Juu yake palikuwa na ngata ya kipande cha kanga kilichopauka. Wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba amepata kuni za bure. Akaushika. Udongo wa mchwa ukamomonyoka mikononi mwake. Mchwa walikuwa wamejenga mpaka kwenye ngata.

Mwanamke hasahau ngata yake. Hasahau mzigo aliokwisha kuufunga, tena katika mji ambao kuni ni ghali namna ile. Hapo maneno ya Fausta yakamrudia, safari hii bila kicheko.

Pori lilikuwa kimya. Ng'ambo ya korongo nyasi zikatikisika mahali pamoja tu, na upepo haukuwepo.

"Mama, twende?" Raheli aliuliza.

Alimbeba mtoto kifuani, panga akaliacha, akatembea. Kila kiungo kilimwambia akimbie, na aliogopa kukimbia kuliko alivyoogopa kubaki. Hakugeuka nyuma hadi alipoona moshi wa jiko la Fausta, na hapo ndipo alipoketi chini.

"Nimeuona mzigo," alisema.

Fausta aliacha kupepeta. "Alichukuliwa na simba mwaka jana. Wanaume walipata kanga yake tu, tukaizika. Ndiyo maana siku hizi kuni zinafuatwa na wanaume kumi wenye mikuki, na kila mmoja anataka chake. Ule mzigo sisi wafiwa hatuugusi. Kazi hiyo ni ya mtani, na hapa mtani hatukuwa naye."

Hildegarda alingoja acheke. Fausta hakucheka.

Jioni alimwambia Cornel kwamba yeye na Raheli wanarudi Kilosa. "Bora maji," alisema. "Maji unayasikia yakija." Cornel alimwangalia mtoto, hakubisha. Lakini Hildegarda hakuweza kupanda treni na kuuacha ule mzigo pale kwenye mti. Angeuona kila siku akiwasha moto. Usiku ule ule alikwenda kumwambia Fausta kwamba kazi ya mtani ataifanya yeye.

Asubuhi Raheli alibaki na baba yake. Wanaume walitangulia na mikuki, wakipiga madebe, Fausta akafuata nyuma. Walipofika korongoni Hildegarda aliweka ngata ile ile kichwani, wakamtwisha. Mzigo ulikuwa mwepesi mno, mchwa walishamaliza kazi.

"Mtani," alisema mzee Rafaeli, mjomba wa marehemu, "mwondoe huku kwa maneno ya utani."

Hildegarda akaushika mzigo kwa mikono miwili.

"Selestina!" aliita. "Mvivu wewe! Watoto wamelala na njaa, wewe umekaa huku unachagua kuni! Msagara gani asiyejua njia ya kwao? Inuka twende nyumbani!"

Nyuma yake Fausta alicheka kwa nguvu, na kicheko kikageuka kilio, kilio cha mwaka mzima. Hildegarda alitembea macho mbele. Aliogopa vibaya sana, na kila aliponyamaza alisikia nyasi, kwa hiyo aliendelea kumtukana marehemu, kwa sauti inayokatika, njia yote mpaka mlangoni kwa wafiwa.