Ekseli ya Manjano

Jumamosi asubuhi Delmer Stiltner alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake, uani kwa mama yake, akiitukana breki ya nyuma kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie. Binamu yake Denzil alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kikombe cha kahawa mkononi, akitoa ushauri ambao hakuombwa.

"Ungeiacha ekseli yako ya zamani, saa hizi ungekuwa umeshakula."

"Nipe spana. Maneno baki nayo."

Ekseli mpya, ambayo haikuwa mpya, ilitoka kwa Hobert, muuza skrepa wa pale darajani. Hobert aliichomoa kwenye pikapu kubwa ya Kampuni, wenye mgodi wa makaa ya mawe, mojawapo ya zile zenye tangi mgongoni, na bado ilikuwa na rangi yao ya manjano. Kwetu West Virginia watu huisema vibaya Kampuni hata kanisani, lakini chuma chake kikitua kwa Hobert hupigana vikumbo. Kampuni ina ubahili wa kila aina, ila chuma chake ni chuma kweli.

Na Delmer alihitaji chuma kweli. Kila Jumamosi alijaza tangi la maji mjini, kwenye bomba la kituo cha zimamoto, akavuka nalo mlima hadi bondeni kwa mama yake. Ekseli yake ya zamani ilikuwa ya kubebea mbwa na fimbo za kuvulia samaki. Kwenye mteremko breki zake zilinuka kama nywele zinazoungua.

Maji aliyapeleka kwa sababu kisima cha mama yake, Mama Orpha, kiligeuka rangi ya chungwa. Kampuni ilisema ile ni kutu ya mlima, kazi ya Mungu, na kwamba haijawahi kumwaga hata tone moja la uchafu wa mgodi upande ule. Mama Orpha hakutaka kisima kingine wala nyumba nyingine. Alitaka mtu mmoja wa Kampuni asimame barazani kwake, avue kofia, aseme: sisi ndio tuliokiharibu. Alikuwa amemtengea hata kiti cha kukunja.

Springi zilikaa bila taabu. Shida yote ilikuwa kwenye breki. Bamba linaloshika breki liligongana na shokapu. Waya wa hendibreki ulipelea kiganja kizima. Delmer alizihamisha shokapu, akafunga waya mrefu ambao Hobert aliuchomoa kwenye gari la kubebea maiti, halafu akabadilisha masta silinda kwa sababu pedeli ilikuwa ikizama hadi sakafuni. Denzil aliingia kwenye usukani kusaidia kutoa upepo kwenye breki.

"Kanyaga! Shikilia! Nimesema shikilia, Denzil, hujasinzia huko?"

"Nimeshikilia, nasali."

Pedeli ikawa ngumu. Delmer akaenda mjini kufuata maji, na kila aliyepishana naye barabarani alimwinulia kidole cha shahada juu ya usukani, naye akajibu. Hiyo ndiyo desturi yetu. Usipoinua kidole, watu huuliza mama yako alikulea vipi.

Wakati wa kurudi, alipofika kwenye kona iliyo juu ya nyumba ya mama yake, breki za nyuma zilijishika zenyewe. Gia ya rivasi ikaingia. Pikapu ikarudi taratibu hadi ukingoni, makalio yakitazama bonde, na hendibreki ikajivuta. Ilikaa hapo kwa muda ambao tangi kubwa huchukua kumwagika lote. Kisha ikajiachia, ikaendelea na safari.

"Umefunga waya kinyume," Denzil alisema alipoelezwa. "Au ni mazoea tu. Vitu vya Kampuni viko hivyo. Shemeji yangu alinunua kabati la ofisi yao, kila Ijumaa jioni linajifunga lenyewe mpaka Jumatatu."

Delmer alikubali kwamba huenda ikawa ni waya. Aliufungua, akaulegeza, mwishowe akauondoa kabisa. Pikapu ilisimama kwenye kona ileile bila waya. Alipoteremka kutazama, aliona ukingo mzima hauna hata jani, na mchirizi wa rangi ya chungwa uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye kisima cha mama yake.

Habari ilienea. Watu wa bondeni walianza kuja na mikate ya mahindi na maharagwe, wakiomba gari lipitishwe kwao. Lilisimama juu ya kisima cha akina Vance. Lilisimama nyuma ya shule, ambako watoto huleta maji ya chupa kutoka nyumbani. Kwa Bi. Ratliff halikusimama, naye alihamaki vibaya sana.

"Lirudishe! Kisima changu kimeharibika kuliko cha mtu yeyote hapa!"

Lilirudishwa, likapita tena bila hata kupunguza mwendo. Ilibidi mume wa Bi. Ratliff aseme kuhusu banda lao la nguruwe, lililo juu tu ya kisima.

Ndipo mkaguzi akaja kutoka makao makuu ya jimbo, kijana nadhifu aitwaye Bwana Pruett, mwenye viatu visivyofaa kwa tope. Delmer alimpakia mbele, akampitisha kote. Pikapu ilifanya kazi yake kwa utii, ikasimama panapostahili, na mwisho kabisa ikarudi ukingoni juu ya kisima cha Mama Orpha. Mama Orpha alikuwa ameshapanda hadi hapo kwa fimbo yake.

"Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, mama." Bwana Pruett aliuangalia ule mchirizi kwa muda mrefu, na kwa kweli masikio yake yalikuwa mekundu. "Breki za nyuma zina hitilafu."

"Na kisima?"

"Mimi nakagua magari, mama."

Akatoa wembe mfukoni, akakwangua stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele.

Bila stika, pikapu haiwezi kukanyaga barabara ya mjini, na bomba la zimamoto liko mjini. Mama Orpha aliishi kwa maji ya mvua na ndoo za majirani, na aliosha vyombo kwa hasira. Haikupita wiki, Kampuni ikamtuma fundi wake na ekseli mpya kabisa, bado ina grisi ya kiwandani, zawadi ya ujirani mwema. Fundi aliishusha uani. Alikuwa mtu mpole. Mama Orpha alimwonyesha kile kiti, lakini fundi alisema hatakaa, ana haraka, na kofia hakuivua.

"Siitaki," Delmer alisema. "Hii ya manjano haisemi uongo."

"Ukweli ninao tayari, uko kisimani," mama yake alisema. "Ninachokosa ni maji. Funga hiyo mpya."

Aliifunga siku hiyohiyo, fundi akimsaidia. Kila kitu kiliingia. Shokapu hazikugusa kitu, waya wa hendibreki ulifika na kubaki, na bolti zilikubali kwa mkono mtupu. Delmer hakupenda hata kidogo. Ekseli ile haikujua chochote kuhusu mtu yeyote, na bila shaka ingepata stika.

Ile ya manjano waliilaza kando ya baraza, juu ya magogo mawili. Kuku waliipanda mara moja.

Fundi aliaga, akapanda pikapu yake kubwa yenye tangi mgongoni, akashika njia ya mlimani. Delmer na mama yake walibaki barazani wakimsindikiza kwa macho. Mara ekseli ya manjano ikalia *tak*, dramu zote mbili za breki zikajishika, na kuku wakaruka.

Juu kule, gari la fundi lilikuwa limesimama kwenye kona. Likarudi taratibu hadi ukingoni. Breki zake zilikuwa nzima, na stika yake ilimetameta juani. Fundi aliteremka, akafungua bomba la tangi, akawasha sigara, akangoja. Mchirizi ulianza kushuka kuelekea kisimani.

Alipomaliza, aliwaona wanamtazama. Akarudi kwenye usukani na kuwainulia kidole cha shahada, kama desturi inavyotaka. Delmer, aliyelelewa vizuri, aliinua chake.

Mama Orpha, mwimbaji wa kwaya ya Kibaptisti tangu usichana wake, naye aliinua kidole. Hakikuwa kile cha shahada, kilikuwa cha kati, ambacho kwetu hakiinuliwi kanisani. Alikishikilia hewani mpaka gari likapotea nyuma ya mlima, kisha akakitumia kukunja kile kiti, akakiingiza ndani.